Saa zote zisimamishwe: shajara ya filamu fupi, upande wa sauti

Hii ni shajara ya filamu fupi ya mwaka wa mwisho katika shahada ya utayarishaji wa filamu na video. Timu yetu ina mwongozaji, mtayarishaji, mpigapicha, mhariri na mimi ninayeshika sauti. Filamu ni ya dakika 12, na karibu yote inatokea ndani ya karakana ya fundi saa mzee ambaye binti yake amerudi kumwambia kwamba jengo litauzwa. Naandika upande wa sauti peke yake. Shajara nyingi za wanafunzi hujaza kurasa kwa kamera na lenzi, halafu sauti hupewa mstari mmoja mwishoni, na wanaofuata hawapati pa kujifunzia. Gharama nimezihesabu kwa muda na nafasi ya diski, kwa kuwa vifaa vinatoka stoo ya idara na kinachotuishia haraka zaidi ni muda wa kuazima.

3 Februari: mswada

Mswada una kurasa 12. Ule ulinganisho wa ukurasa mmoja kwa dakika moja unashika ikiwa mswada umepangwa kwa muundo wake wa kawaida, herufi za Courier ukubwa wa 12. Nimeusoma na kalamu mkononi, nikitia alama kila penye kitu kinachotoa sauti: redio, saa za ukutani, tupa, mlango wa bati.

Katika sini (tukio) ya tatu mzee anasugua gurudumu la saa kwa tupa huku akisema maneno yaliyobeba filamu nzima. Tupa juu ya chuma hutoa mlio mkali wa juu, na humo humo ndimo zilimo konsonanti zinazofanya maneno yaeleweke. Hakuna maikrofoni itakayovitenganisha. Nimemwomba mwongozaji kwamba mzee aache kusugua kwanza, ndipo aseme. Alikubali baada ya kuwasomesha waigizaji kwa namna zote mbili, na sini imepata uzito mkubwa zaidi, kwa sababu binti anasikia kazi ikikoma kabla hajasikia neno. Badiliko hili limegharimu mazungumzo mafupi mezani. Mwenye kozi kama hii asisubiri siku ya kurekodi ndipo asome mswada kwa masikio.

17 Februari: kukagua lokesheni

Mpigapicha amekipenda chumba kwa sababu ya dirisha lake, na ana haki. Kwa sauti ni kigumu: kuta za saruji, kaunta ya kioo, dari ya chini. Ukipiga kofi moja, mlio unarudi mkali na wa haraka. Jirani ana kompresa inayofanya kazi asubuhi, kwa hiyo sini za maneno zimehamishiwa mchana. Kuna jokofu dogo chumba cha nyuma. Tutalizima wakati wa kurekodi na kuweka ndani yake funguo za gari la vifaa, ili asiwepo wa kuondoka bila kuliwasha tena.

Nenda kukagua saa ileile ya siku mtakayorekodi. Chumba kilichotulia jioni si chumba hichohicho asubuhi.

2 Machi: majaribio ya maikrofoni

Stoo ilitupa maikrofoni ndefu ya kuelekezwa, ile ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo ya filamu popote pale. Nje inafanya vizuri sana. Ndani ya karakana ilitoa sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Sababu ni mrija wake wenye matundu: umetengenezwa kufuta sauti zinazotoka ubavuni kwa kuzigonganisha zenyewe, na katika chumba kidogo chenye kuta ngumu sauti ya mwigizaji inarudi kutoka kila upande, ikifutwa nusunusu na kwa namna inayobadilika kila anapogeuka.

Tuliirudisha tukachukua maikrofoni fupi ya haipakadioidi, inayosikia mbele zaidi kuliko ubavuni na nyuma. Tofauti ilisikika papo hapo, lakini bado mwangwi ulikuwapo. Kilichomaliza tatizo ni umbali. Sauti ya moja kwa moja hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu palepale. Maana yake, kutoka mita 1 hadi nusu mita unapata desibeli 6 za mwigizaji bila kuongeza chumba hata kidogo. Hakuna kichungi cha kompyuta kitakachokupa hilo baadaye.

Kwa hiyo nimekaa na mpigapicha tukapitia kila shoti, tukaandika fimbo ya maikrofoni inaweza kushuka hadi wapi kabla haijaingia kwenye fremu. Katika shoti pana ambako haiwezi kukaribia, waigizaji watavaa maikrofoni ndogo za nguoni. Mablanketi mazito yatatundikwa nyuma ya kamera na kutandikwa sakafuni pasipoonekana. Majaribio haya yametumia muda wote wa kuazima wa wiki ile, na sijutii hata saa moja.

9 Machi: makubaliano ya vipimo

Tumeandika karatasi moja na kila mmoja ameisaini: fremu (picha) 25 kwa sekunde, sauti kilohezi 48 na biti 24, vilele vya maneno kati ya −18 na −12 dBFS (desibeli chini ya kikomo cha kinasa, ambacho ni 0), kibao cha kuoanishia picha na sauti kipigwe mwanzoni mwa kila teki, yaani kila mara shoti inaporekodiwa, namba ya sini na teki isemwe kwa sauti.

Kabla ya kukubaliana, kinasa sauti cha stoo kilikutwa kwenye kilohezi 44.1, kipimo cha diski za muziki, kwa mipangilio ya aliyekiazima kabla yetu. Faili la namna hiyo likisomwa kama la 48 bila kugeuzwa, linakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda. Kila kifaa kinachoazimwa kirudishwe kwenye vipimo vya karatasi kabla hakijatoka stoo.

Kulikuwa na mjadala kuhusu fremu 24 au 25. Kasi ya 24 ilitulia mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya sauti. Filamu bubu zilizungushwa kwa kasi zilizobadilikabadilika na jicho likavumilia, lakini sauti iliyochapwa pembeni mwa filamu haivumilii kasi inayoyumba. Sisi tumechagua 25 kwa sababu taa za karakana zinatumia umeme wa hezi 50 na kwa kasi hiyo, shata ikifunguka 1/50 ya sekunde, mwanga hautetemi kwenye picha. Uamuzi huu utatudai baadaye ukumbini, na tumeuandika tukijua hivyo.

21 Machi: siku ya kwanza ya kurekodi

Saa za ukutani ziliachwa zikitembea. Mwongozaji alitaka mishale ionekane ikisogea, na hoja yake ya picha ilikuwa nzuri. Katika vipokea sauti midundo ilisikika mbali na kwa upole, kama sehemu ya mahali, na tukaendelea. Sini ya pili na nusu ya sini ya tatu zimerekodiwa hivyo.

Nimekusanya sekunde 60 za ukimya wa chumba mwisho wa siku, watu wote wakiwa ndani, hakuna anayesogea. Watu wasitoke: miili na nguo hunyonya sauti, na chumba kitupu kinasikika tofauti na chumba chenye timu.

22 Machi

Aproni ya mzee ni ya turubai na inakwaruza maikrofoni ya nguoni kila anapopumua. Kuihamisha kwenye kola hakukusaidia. Kilichosaidia ni kukunja utepe wa gundi uwe pembetatu, upande wa gundi nje, pande zote mbili za maikrofoni, ili nguo na maikrofoni visogee pamoja. Chini yake waya umefungwa kitanzi kidogo na kubandikwa, usivute.

29 Machi: mwisho wa kurekodi

Kamera inaandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 45 kwa saa. Sauti ya chaneli moja kwa vipimo vyetu ni karibu nusu gigabaiti kwa saa. Nayaweka hapa makusudi: kurekodi sauti ya ziada hakuli nafasi ya maana. Tukiwa na wasiwasi juu ya sentensi, tulimwomba mwigizaji aiseme tena hapohapo, kamera ikiwa imezimwa na maikrofoni ikiwa karibu na mdomo wake. Kila kilichorekodiwa kimenakiliwa mara tatu, nakala mbili kwenye diski tofauti na moja nje ya jengo, kabla kadi hazijafutwa.

6 Aprili: kuoanisha picha na sauti

Faili za kamera kuu zimeoana kwa kibao bila shida. Zilizosumbua ni shoti za ziada zilizopigwa kwa simu ya mpigapicha kutoka kwenye rafu ya juu. Mwanzo wa shoti midomo na maneno vinakwenda pamoja, kisha taratibu vinaachana, na ukivisogeza mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika.

Kwanza tulidhani ni kuteleza kwa saa za ndani za vifaa. Hesabu ikakataa. Vifaa viwili vinavyotofautiana kwa sehemu 20 kwa milioni vitaachana milisekunde 72 kwa saa nzima, chini ya fremu mbili, nasi tulikuwa tukiona tofauti kubwa kuliko hiyo ndani ya dakika chache. Tatizo ni kwamba simu nyingi hazipigi fremu kwa kasi moja: mwanga ukipungua, kasi inashuka kidogo, ukiongezeka inapanda, na programu ya uhariri inazihesabu kana kwamba zote ziko sawa. Tumezipitisha faili zote za simu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, tukaamuru kasi isiyobadilika ya 25, ndipo tukaziingiza upya. Zimetulia. Mhariri alikuwa amekwisha kata sini moja kwa faili za zamani, na kazi hiyo imerudiwa yote.

15 Aprili: midundo ya saa

Hapa ndipo siku ya kwanza ilipotudai. Teki moja ikisikilizwa yenyewe, midundo ya saa inapendeza. Ukikata kutoka teki moja kwenda nyingine, inaruka. Sikio linashika mdundo kwa nguvu kuliko linavyoshika neno, na kila mkato ulisikika kama kujikwaa. Filamu ya mazungumzo ina mikato mingi.

Jaribio la kwanza: kupanga mikato ifuate mdundo. Saa ya kwazi (ya betri) hupiga mara moja kwa sekunde, yaani kila fremu 25, kwa hiyo mhariri alisogeza kila mkato hadi midundo ikapokezana sawasawa. Lakini pembeni yake ilikuwapo saa ya pendulamu. Pendulamu ya karibu mita 1 hupiga kila sekunde, ya robo mita hupiga kila nusu sekunde, ile yetu ilikuwa katikati ya hizo na haikuwa na uhusiano wowote na fremu 25. Ukiiridhisha moja, nyingine inaruka. Kibaya zaidi, mikato ilianza kufuata saa badala ya nyuso za waigizaji. Pale ambapo binti alipaswa kukaa kimya kidogo zaidi, mdundo ulitulazimisha tuondoke. Tumeliacha.

Jaribio la pili: kichungi cha kufuta milio mifupi. Kilifuta saa vizuri. Kikafuta pia vianzio vya t, k na p, kwa kuwa kwa mashine navyo ni milio mifupi ya ghafla. Mzee alisikika kama amepoteza meno. Tumekipunguza nguvu hadi maneno yakarudi, na saa nazo zikarudi.

Jaribio la tatu: kurudia maneno studioni, mwigizaji akitazama mdomo wake kwenye skrini. Binti aliweza. Mzee, ambaye si mwigizaji wa kazi hiyo, alifuata mdomo kwa usahihi na akapoteza uchovu uliokuwa kwenye sauti yake. Midomo ilikaa sawa, mtu hakuwapo. Sitamlaumu hata kidogo: kuomboleza mbele ya binti yako karakanani na kuomboleza mbele ya kioo cha studio ni kazi mbili tofauti.

Tumepoteza karibu wiki mbili za uhariri hapa, na ndicho kipande ghali kuliko vyote katika mradi huu.

26 Aprili: kurudi karakanani

Saa zote zimesimamishwa. Betri zimetolewa, pendulamu zimeshikwa kwa utepe. Waigizaji wote wawili wamekaa mahali palepale, mablanketi yametundikwa palepale, maikrofoni ileile, umbali uleule. Wakati wa maneno hakuna kamera. Wakaicheza sini yote tangu mwanzo, wakitazamana, tena na tena, bila kufikiria midomo. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha iigiza kwa kasi yao wenyewe, mpangilio wa maneno uliangukia karibu na ule wa picha, na penye tofauti mhariri amekaa juu ya uso wa anayesikiliza badala ya anayesema.

Hilo la mwisho limeibadili filamu. Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Kirusi, aliwaonyesha wanafunzi wake wa Moscow, karne moja iliyopita, kwamba uso uleule husomwa tofauti kulingana na picha inayouandama. Tumeona kwamba hata maneno yanayosikika juu yake yanafanya vivyo hivyo. Binti akiwa kimya, sauti ya baba ikiwa nje ya fremu, uso wake ambao kwenye teki ulionekana mtupu sasa unaonekana umejizuia.

Tumepiga pia shoti za saa zikitembea, peke yake, bila neno. Hivyo ndivyo mishale inavyosogea kwenye filamu na maneno yakabaki safi.

10 Mei: sauti za vitu

Kila saa imerekodiwa moja moja, karibu sana, usiku. Sasa midundo ni ya kwetu kuiweka tunapotaka. Saa ya ukutani mara moja kwa sekunde. Saa ya mkononi ya mitambo, ile ya midundo 18,000 kwa saa, inapiga mara 5 kwa sekunde, na ya midundo 28,800 inapiga mara 8. Tumetumia tofauti hiyo: binti anapoingia karakanani zinasikika zote, na kadiri mazungumzo yanavyoendelea tunaziondoa moja baada ya nyingine, hadi inabaki ya mkononi iliyo mezani. Hakuna aliyetazama toleo la majaribio akalitaja jambo hilo, ila wote wamesema mwisho unabana kifua.

Redio ilihitaji kusikika kama iko chumbani. Kichungi cha kukata besi na treble kilitoa redio ya katuni. Tumefuata njia aliyoitumia Walter Murch, mbunifu wa sauti za filamu wa Marekani, miaka ya 1970: kipindi, ambacho tumekiandika wenyewe na kukisoma ili haki za muziki zisitusumbue, kimepigwa kwa spika ndogo ndani ya karakana na kurekodiwa upya kutoka upande wa pili wa chumba. Kuta zimefanya kazi ambayo programu ilishindwa.

24 Mei: kuchanganya sauti

Wiki nzima nilichanganya kwa vipokea sauti kwa sababu chumba cha spika kilikuwa kimejaa. Nilipopata chumba, chini ya sini zote za mchana kukatoka mvumo wa taa: hezi 100 na ndugu zake wa juu, 200 na 300. Katika vipokea sauti ulikuwa umejificha. Nimekata kila kilicho chini ya hezi 80 kwenye maneno, nikachonga mashimo membamba kwenye namba hizo, kisha nikaweka ukimya wa karakana chini ya mikato yote ili chumba kisikatike.

Toleo la televisheni limefikishwa −23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kipimo cha EBU R128, kanuni ya watangazaji wa Ulaya. Toleo la ukumbini litapimwa ukumbini kwenyewe.

5 Juni: jaribio ukumbini

Mambo mawili yametokea. La kwanza: mchanganyiko ulikuwa wa chaneli mbili, kushoto na kulia. Aliyekaa katikati alisikia maneno yakitoka kwenye midomo. Waliokaa pembeni walisikia yote yakitoka kwenye spika iliyo karibu nao. Maneno yamehamishiwa chaneli ya katikati, na saa na redio zimebaki pembeni. Kazi ya siku moja, kwa kuwa njia za sauti za maneno zilikuwa zimetengwa tangu mwanzo. Zingekuwa zimechanganywa pamoja, tusingeweza.

La pili ni deni la fremu 25. Kifurushi cha DCP (faili za filamu zinazopelekwa kwenye kumbi za sinema) kilicho salama kila mahali ni cha fremu 24. Filamu yetu ikipunguzwa kasi hadi hapo, dakika 12 zinakuwa 12 na sekunde 30, na sauti zote zinashuka kwa asilimia 4. Kwa binti haikusikika sana. Kwa mzee ilisikika, na midundo ya saa ilichelewa kiasi cha kumpa mtazamaji uzito ambao hatukuukusudia. Mashine ya ukumbi wetu inapokea fremu 25, tumeijaribu na imekubali, kwa hiyo hapa inaonyeshwa kwa kasi yake. Kwa kumbi nyingine tumetengeneza kifurushi cha 24 ambacho sauti imerefushwa bila kushushwa. Picha ya 1920 kwa 1080 imewekwa ndani ya fremu ya 1998 kwa 1080, ikiacha ukanda mweusi wa pikseli 39 kila upande. Hakuna aliyeuona.

12 Juni: kukabidhi

Filamu, mswada, fomu za idhini za waigizaji na shajara hii vimekabidhiwa. Sentensi moja ya mzee katika sini ya tatu bado ni ile ya siku ya kwanza, pamoja na saa zake, kwa sababu hakuisema tena vile. Nimeizungushia midundo mingine inayolingana nayo kabla na baada, na mkato haupo hadi anamaliza. Ndiyo sentensi inayofuata baada ya tupa kukoma.

Sauti za saa, kila moja na faili lake, zimebaki kwenye folda ya idara. Jina la faili linataja aina ya saa na idadi ya midundo kwa sekunde. Ukimya wa karakana uko humo pia, wenye watu na usio na watu.